Nani Alituhesabu Kwenye Kila Mraba?

Machi 2025 habari moja ilizunguka dunia na kufika hadi kwenye makundi yetu ya WhatsApp hapa Tanzania. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, walikuwa wamelinganisha ramani tano maarufu za idadi ya watu na watu waliohesabiwa kweli vijijini, wakakuta ramani zote tano zimepunguza watu. Iliyokuwa bora kuliko zote ilipungukiwa kwa asilimia 53, na ya mwisho kwa asilimia 84. Habari ilipofika huku ilikuwa imeshatiwa chumvi. Mmoja akatangaza kwamba dunia ina mabilioni ya watu wasiojulikana. Mwingine akauliza swali lililonifanya nikae niandike: "Kwa hiyo sensa ya 2022 iliruka nusu yetu?"

Utafiti ule hausemi hivyo. Zilizopimwa ni ramani zinazochorwa baada ya sensa, na kati ya sensa na ramani kuna kazi ndefu ya kukadiria ambayo wengi wetu hatujawahi kuelezwa. Nayo ni kazi inayotugusa. Chanjo zinapopangwa, mahema ya waathirika wa mafuriko yanapoagizwa, zahanati inapotafutiwa mahali pa kujengwa, mara nyingi ramani ya namna hii iko mezani.

Tuanze na maneno yenyewe. Sensa ni kuhesabu watu wote wa nchi, kila mmoja. Kwa Tanzania, usiku wa sensa ulikuwa ule wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Karani mwenye kishikwambi alipita kaya kwa kaya akiuliza nani alilala hapa usiku ule, na ili asiingiliane na mwenzake, nchi ilikuwa imeshakatwa vipande vidogo vinavyoitwa maeneo ya kuhesabia watu. Majibu yakajumlishwa kwenda juu, kata, wilaya, mkoa, hadi jumla ya nchi nzima: watu 61,741,120. Taarifa za kaya yako ni siri kwa mujibu wa Sheria ya Takwimu. Anachokipata mwananchi, na mchora ramani pia, ni hizo jumla.

Gridi ni wavu wa miraba uliolazwa juu ya ramani, mfano wa daftari la hesabu la darasa la kwanza, lile lenye vyumba. Kila chumba huandikwa nambari, nayo ni kadirio la watu wanaoishi humo. Kuna gridi za miraba ya kilomita moja upande, na kuna za mita 100. Kwa usahihi zaidi, nyingi hukatwa kwa nyuzi za longitudo na latitudo, si kwa mita, kwa hiyo mraba unaoitwa wa mita 100 huwa na kama mita 92 hapa kwetu karibu na ikweta, na ukifika Norway upana wake umebaki nusu. Sisi wa ikweta miraba yetu ni miraba kweli.

Kwa nini watu wahangaike na miraba wakati kata zipo? Kwa sababu maji hayajui mipaka ya kata. Mto Rufiji ulipofurika Aprili 2024 na kuingia vijiji vya Rufiji na Kibiti, swali la kwanza la mtu wa maafa lilikuwa ni wangapi wako kwenye maji, na jumla ya kata haiwezi kumjibu, maana kata moja ina watu wa bondeni na watu wa juu. Ukiwa na miraba, unachora umbo la mafuriko, unajumlisha miraba iliyomo ndani, unapata kadirio. Ni hivyo hivyo ukitaka kujua wangapi wanaishi zaidi ya kilomita tano kutoka zahanati, au wangapi wako kwenye njia ya kimbunga.

Halafu wastani wa eneo kubwa huficha mengi. Mkoa wa Lindi ulikuwa na watu takriban milioni 1.19 mwaka 2022, kwenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 66,000. Gawanya, utapata watu 18 kwa kila kilomita ya mraba. Hesabu ni sahihi, lakini mtu akiichukua nambari hiyo akaenda nayo Lindi hataona inapofanana na ardhi. Sehemu kubwa ya wilaya ya Liwale imo ndani ya Pori la Akiba la Selous na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako hakuna vijiji. Wakati huohuo Lindi mjini, Nachingwea na Ruangwa nyumba zimegusana kuta.

Gunia moja la mchele

Nimejaribu mifano mingi ya kueleza jinsi miraba inavyojazwa, na unaoeleweka haraka ni huu. Shehia imepewa gunia la mchele, kilo 100, ligawiwe wakazi wote, na sheha hana orodha ya nani anaishi wapi. Anaweza kugawa kwa ukubwa wa ardhi, kila kipande sawa kipate sawa, hata kile ambacho ni bwawa. Anaweza kuruka bwawa na mashamba, agawe palipo na paa tu. Au anaweza kuyatazama mapaa yenyewe, penye nyumba zilizobanana aongeze, penye nyumba mojamoja apunguze. Njia yoyote atakayochagua, mchele ni uleule wa gunia lile. Hakuna punje inayoongezeka.

Hapo ndipo msingi wa kazi nzima ulipo. Ukijumlisha miraba yote ya kata, lazima urudi kwenye jumla ya sensa ya kata hiyo. Mchora ramani hahesabu mtu hata mmoja. Anagawa waliokwisha kuhesabiwa.

Sasa tuweke nambari. Chukua kata ya mfano yenye watu 12,000 na kilomita za mraba 120. Kilomita ya mraba ina hekta 100, na mraba wa mita 100 kwa 100 ni hekta moja, kwa hiyo kata hii ina miraba 12,000. Kwa njia ya kwanza kila mraba unapata mtu mmoja: bwawani mmoja, kileleni mmoja, sokoni mmoja. Inaonekana njia ya kizembe, lakini ina heshima yake, kwani haijifanyi kujua isichokijua. Gridded Population of the World, gridi ya dunia nzima iliyotoka kwanza mwaka 1995 na ambayo baadaye ilitengenezwa na kituo cha CIESIN cha Chuo Kikuu cha Columbia, imeshikilia njia hiyo, ila huondoa maji kwanza.

Kwa njia ya pili, tunaangalia picha za setilaiti na kukuta majengo yako kwenye miraba 300 tu. Gawa 12,000 kwa 300: watu 40 kila mraba wenye majengo, na sifuri kwingine kote. Wazo hili ni la zamani kuliko setilaiti. Mwaka 1936 mwanajiografia Mmarekani John K. Wright alichora Cape Cod, Massachusetts, kwa kuondoa kwanza sehemu zisizokaliwa na watu, kisha akawapanga wakazi kwenye zilizobaki.

Kwa njia ya tatu, tunakubali kwamba majengo hayalingani. Miraba 50 ni ya senta, nyumba zimeshikana. Miraba 250 ni ya vitongoji. Tuipe ya senta uzito wa 3, ya vitongoji uzito wa 1. Uzito wote ni 150 na 250, jumla 400. Gawa watu 12,000 kwa 400, unapata 30. Basi mraba wa kitongoji una watu 30 na wa senta una 90. Jumlisha tena: 7,500 na 4,500. Gunia limetimia.

Uzito unatoka wapi

Uzito wa 3 na 1 nimeutunga mimi. Kwenye kazi halisi ndipo ugomvi wote ulipo.

Njia iliyoenea ni ya kuifunza kompyuta kwa kutumia kata zenyewe. Tanzania Bara ina karibu kata 4,000, na kila moja tunajua msongamano wake kutokana na sensa. Kwa kila kata tunapima pia vitu vinavyoonekana kutoka juu au kwenye ramani: eneo lililojengwa, mwanga wa taa usiku, umbali wa barabara, mwinuko, mteremko, mto, hifadhi. Programu huunda mamia ya miti ya maamuzi, kila mti ukiuliza maswali yake: je, barabara iko karibu? Je, usiku kuna mwanga? Je, ni mlima mkali? Mwisho majibu ya miti yote huchukuliwa wastani. Kikundi cha WorldPop cha Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, ndicho kilichoifanya njia hii ijulikane, na ramani zake za mita 100 zinapatikana bure kwa mtu yeyote.

Kuna jambo hapa ambalo ni rahisi kulipita. Kompyuta imejifunza kwa kata, kisha inaulizwa kuhusu hekta. Ni sawa na mwalimu aliyejua wastani wa kila shule wilayani kuulizwa maksi za mtoto mmoja. Anaweza kukisia vizuri kwa wengi, na akakosea vibaya kwa huyu aliye mbele yake.

Mfano ninaoupenda ni Kariakoo, Dar es Salaam. Maghorofa yamepandana na taa haziishi, ila mengi ya maghorofa hayo ni maduka na stoo. Sensa ilihesabu waliolala, na wanaojaza Kariakoo saa sita mchana walilala Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara. Kompyuta inayoamini taa na majengo itataka kuirundikia Kariakoo watu. Ikiwa jumla tuliyonayo ni ya kata, haitaweza, kwa sababu kata ya Kariakoo ina gunia lake na haliongezeki. Kosa litazunguka mtaa kwa mtaa humohumo. Lakini ikiwa tulipewa jumla ya wilaya peke yake, Kariakoo itawavuta kwa mkopo watu wa Ilala nzima. Kadiri jumla za sensa zinavyotolewa kwa vipande vidogo, ndivyo ramani inavyonyoka, na hakuna setilaiti itakayofidia hilo. Mimi naamini senti inayotumika kuchora vizuri mipaka ya maeneo ya kuhesabia watu inazaa kuliko senti inayonunua picha kali zaidi.

Kariakoo inajibu pia kwa nini ramani mbili za mwaka mmoja zinaweza kupingana. LandScan ya maabara ya Oak Ridge, Marekani, haionyeshi watu walipolala. Inakadiria wastani wa saa 24, pamoja na kazini na njiani. Kwa ramani ile Kariakoo kujaa ni halali yake.

Yanayosemwa mitaani

La kwanza ni kwamba setilaiti inatuhesabu. Picha za bure zinazotumika sana ni za Landsat, ambazo pikseli yake moja, yaani kitone kimoja cha picha, ni mita 30 upande, na za Sentinel-2, ambazo ni mita 10. Pikseli ya mita 10 inameza nyumba yako na uwanja wake. Hata picha kali za kulipia huona bati, hazioni waliolala chini ya bati. Kompyuta huchukua paa kama dalili tu.

Wengine huogopa kwamba mtu akifungua ramani atajua nyumbani kwao wanaishi wangapi. Nambari iliyo juu ya nyumba yako ni mgawo wa jumla ya kata, na anayeisoma hajui kama mpo wawili au kumi na wawili. Ndiyo maana pia utakuta watu 0.4 kwenye mraba. Hakuna nusu mtu. Maana yake ni kwamba miraba kumi ya namna hiyo ikiwekwa pamoja inakadiriwa kuwa na watu wanne.

Lipo kosa jingine ambalo hata wataalamu wetu hulifanya, nalo ni kudhani mraba mdogo una ukweli mkubwa. Ukikata kata ileile kwa mita 30 badala ya kilomita moja, umepata picha nzuri zaidi, lakini taarifa ya sensa iliyoingia haijaongezeka hata kidogo. Mraba mmoja wa mita 100 usiunukuu kamwe peke yake. Jumlisha miraba mamia, makosa ya huku na kule yatapunguzana.

La hatari kuliko yote ni sifuri. Mraba wenye sifuri unasema kitu kimoja: kompyuta haikuona jengo. Nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi ina rangi ya ardhi iliyoizunguka. Boma la Kimaasai lina paa la samadi na udongo. Wavuvi wa dago hupiga kambi ufukweni miezi kadhaa, wakaondoka na makuti yao. Google ilianza kutoa ramani yake ya majengo mwaka 2021, ikianzia Afrika, nayo imesaidia sana, lakini inaona vizuri zaidi bati linalong'aa kuliko msonge. Kwa hiyo anayefutwa kwenye ramani mara nyingi ni yuleyule ambaye gari la chanjo halimfikii. Hilo linaniuma.

Turudi kwa watafiti wa Aalto

Walipima vipi? Kwa mabwawa. Bwawa kubwa linapojengwa, watu hulazimika kuhama, na kwa sababu kuna fidia, huhesabiwa kwa makini. Wakachukua mabwawa 307 katika nchi 35, ya miaka ya 1975 hadi 2010. Ukingo wa maji unaonekana kwenye picha za setilaiti. Wakajumlisha miraba iliyozamishwa, wakailinganisha na idadi ya waliohamishwa.

Ni kipimo cha busara, ila tazama kinapima wapi. Bwawa hujengwa mtoni, na mtoni ndiko kwenye ardhi ya rutuba na maji ya kunywesha ng'ombe. Rudi kwenye kata yangu ya mfano, yenye mtu mmoja kwa hekta kwa njia ya kwanza. Tuseme bwawa linazamisha hekta 400. Ramani itasema watu 400. Ukweli ukiwa kwamba watu 2,000 walilima kando ya mto ule, ramani imepungukiwa kwa asilimia 80, kosa kubwa la kutisha. Lakini jumla ya kata bado ni 12,000. Wale 1,600 hawakupotea duniani. Ramani imewapandisha mlimani ambako hakuna anayeishi.

Kwa hiyo huwezi kuchukua upungufu wa bondeni, ukauzidisha kwa vijiji vyote vya dunia, ukapata mabilioni mapya. Vilevile huwezi kuupuuza. Yako maeneo ambayo karani hakufika kweli, au sensa ilikuwa ya miaka mingi nyuma, na hapo gunia lenyewe lilikuwa pungufu kabla ya kugawiwa. Na kwa yule wa bondeni, kuambiwa kwamba jumla ya kata iko sawa hakumsaidii ikiwa mahema yameletwa 400.

Penye gunia kuukuu

Yote haya yanadhani sensa ipo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana wajukuu pengine, na katikati zimepita vita na uhamaji usio na kifani. Kugawa jumla ya 1984 kwa picha za leo ni kuwagawia watu mchele ulioliwa zamani.

Huko kazi imeanzia chini. Kwenye majimbo matano ya magharibi, Kinshasa ikiwemo, timu zilikwenda kwenye vipande vichache vilivyochaguliwa na kuhesabu kila mtu humo. Kisha zikalinganisha hesabu hiyo na majengo yanayoonekana kwenye setilaiti, na uhusiano uliopatikana ukatumika kukadiria vipande ambavyo hakuna aliyevitembelea. Jibu linalotoka huja na upana wake, yaani kiwango cha chini na cha juu, na kadiri wahesabuji walivyofika pachache ndivyo upana unavyokuwa mkubwa. Anayekuletea kadirio la namna hii bila kukupa upana huo, mwombe.

Hata kwetu gunia huzeeka. Sensa zetu huja kila baada ya miaka kumi au zaidi: 1988, 2002, 2012, 2022. Katikati, jumla huongezwa kwa kasi ya ukuaji; kati ya 2012 na 2022 ilikuwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Lakini watu hawaongezeki sawasawa kila mahali. Mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, viwanja vilianza kupimwa na nyumba zikaota, wakati ramani iliyosimama juu ya jumla za 2012 iliendelea kuikuza Dodoma kwa mwendo wake wa zamani.

Basi ukiwa halmashauri, au kwenye shirika, au mwanafunzi anayeandika tasnifu, na ramani ya miraba ikawekwa mbele yako, uliza imesimama juu ya sensa ya mwaka gani, na jumla zilizogawiwa zilikuwa za kata au za wilaya. Uliza kama inaonyesha waliolala au wastani wa siku nzima. Soma maeneo ya kilomita kadhaa, uache mraba mmojammoja. Na ukikuta sifuri mahali ambapo kuna njia za miguu, mpigie simu mwenyekiti wa kitongoji kabla hujaliondoa eneo lile kwenye orodha ya chanjo. Yeye ana daftari la wakazi, na anajua dago lilipopiga kambi mwezi huu.